Pengo halifungi, waya unachoma: kutafuta kinachokwamisha meno yenye vyuma

Watu waliofungwa vyuma vya meno hulalamika kwa maneno yanayofanana. Pengo limesimama tangu mwezi wa tatu. Waya umetokeza nyuma, unachoma shavu. Chonge limelala. Kulia kumefunga, kushoto bado. Kisha linafuata ombi: "Daktari, nikazie zaidi." Hilo mara nyingi ndilo linalopaswa kufanywa mwisho. Jino linalotakiwa kuteleza kwenye waya kwa kawaida halisimami kwa kukosa nguvu. Linasimama kwa sababu limebanwa, na ukiongeza nguvu unalibana zaidi.

Maelezo haya yamepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu zinaanza na inayoonekana mara nyingi na kuishia na ya nadra. Unayoweza kuyaangalia mwenyewe nyumbani, kwa kioo na tochi ya simu, yameelezwa. Yanayohitaji kiti cha daktari yametajwa wazi.

KINACHOSUGUA NI NINI HASA

Kibano kilichobandikwa kwenye jino kina mfereji mwembamba, na waya mkuu hupita humo. Vibano vingi vina mfereji wa inchi 0.022, yaani kama milimita 0.56, vingine ni vya 0.018. Waya unaotumika sana kufunga mapengo kwenye mfereji ule mkubwa ni wa chuma cha pua wa inchi 0.019 kwa 0.025. Kwa hiyo nafasi inayobaki juu na chini ya waya, ukiijumlisha, inakaribia unene wa unywele.

Jino likivutwa halisafiri likiwa wima. Nguvu inashika sehemu ya juu inayoonekana, huku mzizi ukiwa umeshikwa na mfupa, hivyo kichwa hutangulia na jino huinama kidogo. Likishainama tu, kona mbili za mfereji zinauuma waya: moja kwa juu upande huu, nyingine kwa chini upande wa pili. Jino linasimama hapo hadi mfupa unaozunguka mzizi ujirekebishe na mzizi ukifuate kichwa. Kona zinaachia, jino linateleza kidogo, linainama tena. Safari nzima ni hatua fupi za namna hiyo, na mwendo wake wa kawaida ni kama milimita 1 kwa mwezi.

Watafiti wa Marekani Robert Kusy na John Whitley waliugawa ukinzani huu katika sehemu tatu: msuguano wa kawaida wa uso kwa uso, kubanwa kwa kona, na waya kuchimbika. Kupunguza ule wa kwanza ndiko kunakopigiwa debe kwenye matangazo ya vibano. Mdomoni, anayesumbua zaidi ni wa pili. Wa tatu unaweza hata kuugusa: waya uliotolewa baada ya miezi kadhaa, ukiuburuta juu ya ukucha wa kidole gumba pale chonge lilipokuwa, wakati mwingine unausikia ukikwaruza. Vile ni vijipengo vilivyochimbwa na kona za kibano. Waya ukishachimbika hivyo haupigwi msasa ukarudishwa. Unabadilishwa.

DALILI: PENGO LIMEACHA KUFUNGA

Kwanza hakikisha kweli limeacha. Milimita 1 kwa mwezi haionekani kwa mtu anayejitazama kila asubuhi. Piga picha mara moja kwa mwezi, meno yakiwa yameumana, simu ikiwa mahali pale pale, kisha linganisha. Nafasi ya gego dogo lililong'olewa ili meno yapate pa kusogea ni kama milimita 7, kwa hiyo miezi saba au nane ya kuifunga si kuchelewa. Kama wiki sita hazijapita tangu ubadilishiwe raba, huna ushahidi bado.

Ikiwa picha mbili zilizopishana miezi miwili zinafanana kabisa, fuata mpangilio huu.

1. Raba zimechoka au zimekatika. Hii inaongoza kwa mbali. Mnyororo wa raba unaovuta chonge kuelekea gego hupoteza kama nusu ya nguvu yake ndani ya siku ya kwanza, kwa joto na mate tu, na unaendelea kulegea. Ukiruka miadi, kwa wiki kadhaa hakuna kinachovuta. Pengo halijakwama, limeachwa. Angalia kama mnyororo umeshikamana kutoka mwanzo hadi mwisho, na kama kuna pete iliyoning'inia. Rangi isikudanganye: raba iliyogeuka njano kwa urojo inaweza kuwa bado inavuta, na iliyobaki safi ikawa imeshakufa. Dawa yake ni kwenda kubadilishiwa kwa wakati. Anayeishi mbali na kliniki amwulize daktari kuhusu springi ya nikeli na titaniamu, ambayo hushikilia nguvu yake, mara nyingi kama gramu 150, kwa muda mrefu kuliko raba.

2. Waya bado si wa kazi hiyo. Nyaya nyembamba za mviringo za miezi ya mwanzo zimetengenezwa kunyoosha mstari wa meno. Ukivuta jino juu ya waya laini, waya unapinda, jino linalala, kona zinabana. Kwa mtaalamu: waya wa mwisho wa chuma uachwe ukae bila kuvutwa kwa angalau mwezi mmoja, hata kama mgonjwa anauliza mbona leo hujafanya kitu. Kipimo ni rahisi. Fungua raba zote, shika waya kwa koleo, jaribu kuusogeza mbele na nyuma kwenye vijibomba vya magego, yaani vile vibano vya nyuma ambamo ncha za waya hupita. Usiposogea kwa urahisi wakati hakuna nguvu yoyote, hautateleza ukivutwa.

Aina ya madini nayo ina neno. Chuma cha pua ndicho chenye msuguano mdogo, nikeli na titaniamu hufuata, na titaniamu ya aina ya beta, iliyoletwa kwenye fani hii na Charles Burstone na Jon Goldberg mwaka 1980, ndiyo inayokwama zaidi. Waya huo wa beta ni mzuri sana kwa vitanzi vinavyofunga pengo bila jino kuteleza popote. Kuutumia kama reli ni kujitafutia kazi.

3. Waya umepinda kwa chakula. Mahindi ya kuchoma, muwa, kashata, mfupa wa kuku, barafu, na ubuyu wenye mbegu, ambao watu husema "naunyonya tu" halafu wanauma. Mpindo usioonekana kwa macho unatosha kusimamisha kibano. Mulika tochi kati ya chonge na gego: waya unatakiwa kupita kama mstari ulionyooka. Ukiona umeshuka au umepanda, acha kuvaa raba za kuvuta kama unazo, na piga simu kliniki. Usiunyooshe kwa vidole wala kwa koleo la fundi, kwa maana unaweza kung'oa kibano na kuacha mpindo mwingine pembeni ya ule wa kwanza.

4. Njia ya nyuma imeziba. Meno yote ya mbele yakirudishwa kwa pamoja, ni waya wenyewe unaopita kwenye vijibomba vya magego na kutokeza nyuma. Kijibomba kikipondeka kwa kuuma kitu kigumu, au kikijaa ugaga au saruji ya kubandikia, au ncha ya waya ikigonga gego linalofuata ambalo halina kijibomba, kila kitu kinasimama. Daktari apime mkia wa waya nyuma ya kijibomba na kuandika kipimo hicho kwenye faili. Ziara inayofuata, kama raba ni nzima na mkia haujarefuka hata nusu milimita, tatizo liko hapo nyuma, si kwenye nguvu.

5. Ukoga. Unajikusanya kando ya vibano, unakomaa kuwa ugaga, na waya unapoteza ulaini wake. Mswaki wa kawaida haufiki chini ya waya. Tumia kile kibrashi kidogo cha kupitisha katikati ya meno, na dawa ya meno yenye floridi. Hapa msuguano si hasara kubwa kuliko zote. Madoa meupe yanayobaki kwenye meno vyuma vikitolewa ndiyo yanayouma roho.

6. Meno ya taya la pili yanagonga. Uma taratibu mbele ya kioo. Jino la juu likitua juu ya kibano cha chini, au chonge likigonga jirani yake wa chini kila unapotafuna, linazuiwa njiani mara mamia kwa siku. Daktari huweka vijiwe vidogo vya saruji juu ya magego ili meno ya mbele yasikutane kwa muda. Wiki ya kwanza utakula kama mtoto anayeota meno, kisha unazoea.

7. Ufizi umejikunja pengoni. Nafasi ikipungua, nyama ya ufizi hujikusanya katikati, hasa kwa asiyesafisha vizuri. Usafi hutosha kwa wengi. Mara chache nyama ile hupunguzwa kwa upasuaji mdogo.

8. Si msuguano kabisa. Jino lililong'olewa miaka mingi iliyopita huacha mfupa uliosinyaa na kuwa mwembamba, na jino halipendi kupita humo. Au mzizi umegusana na mzizi wa jirani. Au, kwa nadra, jino limeungana na mfupa wenyewe: ukiligonga kwa mpini wa kioo cha daktari linatoa mlio mkali tofauti na wenzake, na badala ya lenyewe kusogea, majirani ndio wanaovutwa kulifuata.

Hapa ndipo pa kusimama. Waya ni mzuri, raba ni mpya, njia ya nyuma iko wazi, na bado hakuna mwendo kwa ziara mbili mfululizo: inayofuata ni picha ya eksirei, si kukaza. Nguvu kubwa hubana mishipa ya damu kwenye utando unaozunguka mzizi. Mfupa wa mbele ya mzizi hauyeyuki kwa utaratibu wake, jino linachelewa kuliko awali, maumivu yanaongezeka, na ncha ya mzizi inaweza kuanza kuliwa. Mzizi uliofupika haurefuki tena.

DALILI: WAYA UMETOKEZA NYUMA, UNACHOMA SHAVU

Inauma, lakini mara nyingi ni habari njema. Safu ya meno imefupika kwa sababu pengo linafunga, waya umebaki na urefu wake, basi ziada imetokea nyuma. Katika miezi ya mwanzo hutokea pia meno yaliyopinda yanaponyooka. Wengi wanaofika kliniki na shavu lenye kidonda wakilalamika kwamba "waya umeharibika" wamebeba mdomoni ushahidi kwamba kazi inakwenda.

Angalia pande zote mbili. Mkia ukiwa mrefu pande zote, ni kufunga kwa kawaida. Ukiwa mrefu upande mmoja na upande wa pili waya umetoweka ndani ya kijibomba au umechomoka kabisa, waya wote umehama. Hilo hutokea kwa nyaya nyembamba za mviringo, hasa kwenye vibano vinavyojifunga vyenyewe kwa kimlango badala ya raba, kwa sababu hapo msuguano ni mdogo mno kuuzuia. Daktari huurudisha na kuweka kizuizi kidogo juu yake au kupinda ncha zake.

Cha kufanya nyumbani: kausha sehemu hiyo kwa kitambaa safi au karatasi laini, finyanga nta ya meno iwe kama punje ya choroko, ibandike kwa kuikandamiza. Nta haishiki juu ya mate, ndiyo maana watu wengi husema haifanyi kazi. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Waya mwembamba unaweza kuusukuma taratibu uelekee jino kwa nyuma ya penseli yenye kifutio.

Kukata mwenyewe ni hatua ya mwisho, kwa aliye mbali kabisa na daktari, na kwa waya mwembamba tu. Tumia kikata kucha imara kilichosafishwa kwa spiriti, na ushike ncha kwa pamba au kitambaa ili kipande kisidondoke kooni. Waya mnene wa chuma cha pua hautaukata kwa mkasi wa jikoni. Utaishia kung'oa kijibomba.

Nenda kliniki siku hiyo hiyo kama ncha imeingia ndani ya nyama na haionekani tena, kama shavu limevimba, au kuna usaha au homa. Kidonda kisichopona wiki mbili baada ya waya kukatwa kionekane na daktari hata kama hakiumi.

DALILI: CHONGE LIMELALA PENGONI

Kichwa cha jino kimefika kwenye gego dogo la jirani, mzizi umebaki nyuma. Kwa nje inaonekana pengo limefunga haraka kuliko ilivyotarajiwa, na mgonjwa anafurahi. Daktari hafurahi, maana mzizi nao lazima usafiri, na huo ndio mzigo.

Sababu ya kwanza ni kuvuta kwa nguvu nyingi. Ya pili ni waya laini kupita kiasi. Ya tatu ni mahali pa kushika: mnyororo umeshikwa kwenye kibano, mbali na katikati ya mzizi. Ya nne ni kibano kilichobandikwa kikiwa kimeinama, ambacho kinaamini kwamba kulala ndiko kusimama.

Tiba inaudhi kwa sababu inafanana na kutofanya kitu. Mnyororo wa kuvuta unatolewa, jino linafungwa lisirudi, na waya mnene wa chuma unaachwa ulisimamishe kwa wiki nne hadi nane. Kisha kuvuta kunarudi kwa nguvu ndogo, ikiwezekana kupitia ndoano ndefu inayopandisha mvuto karibu na katikati ya mzizi. Kwa daktari kijana anayeharakishwa na mzazi aliyelipa kwa awamu: ziara moja ya kupumzisha ni nafuu kuliko kufungua pengo lililofungwa vibaya.

Jambo moja huwashangaza hata wanafunzi wa udaktari wa meno. Kibano kipana hakisugui zaidi kwa sababu tu kinagusa sehemu kubwa ya waya. Msuguano hutegemea mgandamizo na aina ya nyuso mbili, si ukubwa wa eneo linalogusana. Upana wenyewe unasaidia: kona za mfereji zikiwa mbali mbali, jino linainama kidogo kabla ya kushikwa, na kubanwa kunapungua.

DALILI: PENGO LINAFUNGA LAKINI MENO YA MBELE YAKO PALE PALE

Hapa nanga imevutwa. Ukivuta chonge kwa kushikilia gego, gego nalo linavutwa kwa nguvu ile ile kuelekea mbele. Msuguano ukila sehemu ya mvuto kule mbele, na majaribio ya maabara yanaonyesha unaweza kula hata nusu, mtu hushawishika kuongeza gramu. Gramu hizo zote zinafika kwa gego. Matokeo yake pengo linaisha huku midomo ikiwa bado imetangulia kama siku ya kwanza, na nafasi iliyopatikana kwa kung'oa jino zima imetumika na asiyehusika.

Sababu ya kwanza iko mikononi mwa mgonjwa: raba za kuvuta kutoka taya la juu hadi la chini hazivaliwi. Zikiagizwa kuvaliwa usiku na mchana, kuzivaa usiku tu hakutoi nusu ya matokeo. Mara nyingi hutoa kidogo sana, jino linaweza kwenda usiku na kurudi mchana. Badilisha kila siku, tembea na pakiti mfukoni, na usizikunje mbili kufidia siku ulizosahau.

Nyingine ni za daktari. Anaweza kuunganisha magego yawe kundi moja, kupunguza nguvu, au kuweka skrubu ndogo kwenye mfupa iwe nanga isiyosogea. Na hapa msuguano unageuka rafiki: meno yasiyotakiwa kusogea hufungwa kwa waya mwembamba uliokazwa kwa mzunguko wa namba nane, makusudi kabisa yagome. Anayetaka kuuondoa msuguano mdomo mzima atajikuta hana cha kushikia.

DALILI: UPANDE MMOJA UMEMALIZA, MWINGINE BADO

Tofauti ya milimita moja au mbili haisumbui. Ikizidi, au mstari wa katikati wa meno ya juu ukianza kuhama kuelekea upande mmoja wa pua, tazama kwanza mnyororo upande uliochelewa, kisha mpindo wa waya, kisha kama chakula chote kinatafunwa upande huo huo. Daktari ausimamishe upande uliotangulia na kuushughulikia uliobaki. Kuvuta pande zote kwa matumaini kwamba zitakutana hakusaidii.

DALILI: KIBANO KINANG'OKA KILA MARA

Kibano kilichoachia hubaki kikizunguka kwenye waya, na jino lake linabaki bila usukani. Sababu kubwa ni chakula kigumu. Ya pili ni mate yaliyoingia wakati wa kubandika. Lakini kwa waliokulia Arusha, Meru, sehemu za Kilimanjaro, au Bonde la Ufa upande wa Kenya, kuna nyingine isiyo kosa la mtu: maji yenye floridi nyingi. Meno yenye madoa ya kahawia yana uso ambao asidi ya kuandalia gundi haiuchimbi vizuri, na gundi inashika kijuujuu. Mwambie daktari ulikokulia kabla hajaanza. Ataukwaruza uso, atabadilisha muda wa asidi, au kwa magego atatumia pete za kuzunguka jino badala ya kubandika.

Kibano kikiachia, usikigundishe kwa gundi ya dukani. Kama kimekaa kwenye waya, kizibe kwa nta. Kikitoka kabisa, kihifadhi uende nacho.

KABLA HUJALIPA ZAIDI

Vibano vyenye kimlango, vinavyojifunga bila raba, vinauzwa kwa ahadi ya msuguano mdogo na matibabu mafupi. Ahadi ya kwanza ina ukweli kwenye maabara, hasa kwa nyaya nyembamba. Ya pili haijathibitika: majaribio kwa wagonjwa hayajaonyesha kwamba matibabu yote huisha mapema. Mdomoni kuna kubanwa kwa kona, na kimlango hakiondoi kona. Vinarahisisha kazi ya kubadilisha waya, na hilo lina thamani yake. Lipia hilo ukitaka, usilipie kasi.

Vibano vya kauri vinavyofanana na rangi ya meno vina msuguano mkubwa kuliko vya chuma, na kwa kuwa ni vigumu kuliko waya, ndivyo vinavyouchimba. Vyenye mfereji uliotandikwa chuma ni afadhali. Kama mapengo ni makubwa na unataka urembo, uliza kama vya kauri vinaweza kuwekwa mbele tu na magego yakapewa vya chuma.

Raba za kawaida zinazozunguka kila kibano nazo hubana waya. Pale panapotakiwa kuteleza, daktari anaweza kufunga kwa waya mwembamba uliolegezwa kidogo. Rangi za timu yako zitapungua mdomoni, pengo litakwenda.

VISIVYOSAIDIA

Mafuta ya nazi au mafuta ya mgando kwenye waya: hayakai, na kona inayouma chuma haijali mafuta. Kusukuma jino kwa ulimi au kidole: nguvu ya sekunde chache haisogezi mfupa. Dawa kali za maumivu kila siku baada ya kukazwa: maumivu ya siku mbili tatu ni ya kawaida na parasetamoli huwatosha wengi, ibuprofeni na jamii yake hupunguza prostaglandini, ambazo mwili huzihitaji kurekebisha mfupa, basi usizimeze mfululizo bila kuuliza.

Hatari kuliko zote ni kuziba mwanya kwa raba ya kufungia pesa au nywele. Mwanya wenyewe huku kwetu ni urembo, na wapo wanaomwambia daktari afunge mapengo yote isipokuwa huo. Anayetaka kuuziba kwa raba ajue inapokwenda: jino ni jembamba kuelekea mzizini, kwa hiyo raba inapanda chini ya ufizi, inapotea machoni, na kuendelea kukata utando unaoshika jino. Meno mawili ya mbele hulegea na wakati mwingine hayaokoki. Ukishaiweka na sasa huioni, usingoje itoke. Nenda leo.

USIANGALIE TENA KIOO, NENDA

Kipande cha waya au kibano kikiingia njia ya hewa, mtu akikohoa bila kukoma au kupumua kwa shida, ni hospitali mara moja, si kliniki ya meno. Kikimezwa bila kikohozi, mara nyingi hupita chenyewe, lakini piga simu uelezwe. Maumivu ya tumbo, kutapika au damu kwenye choo havisubiri.

Nenda pia haraka kama jino moja limelegea sana kuliko wenzake, limebadilika rangi kuwa la kijivu, linauma usiku bila kuguswa, au ufizi juu yake una uvimbe wenye usaha. Kulegea kidogo kwa meno yote yanayosogezwa ni kawaida. Jino moja linalocheza peke yake si kawaida.

Ukipiga simu, tuma picha tatu: mbele, kulia na kushoto, meno yakiwa yameumana, mashavu yamevutwa nyuma kwa vijiko viwili, tochi imewashwa. Andika tarehe ya mwisho uliyobadilishiwa raba, kitu ulichokuwa unakula tatizo lilipoanza, na kama waya unasogea ukiugusa kwa ulimi. Kwa hayo, daktari anaweza kukuambia kama uje leo au usubiri miadi yako.